Kipa wa Dakika za Mwisho

Durban, 26 Januari 2025

Dada yangu Atupele,

Ugonile. Huku tumeamka salama, mimi na Larissa. Anakusalimia sana na anasema vitenge ulivyompa Mwita wa lori vimefika bila kulowa, na tayari mama mmoja pale saluni anamsumbua amuuzie kimoja. Joto iko, si mchezo. Lifti ya jengo letu hapa Albert Park imekufa tena, tunapanda ngazi hadi ghorofa ya saba, na Larissa anasema Mungu ametupa mazoezi ya bure. Ndizi zimestawi? Mtoto wako wa mwisho ameacha kukohoa? Mwambie mama niliota nakula kande zake, nikaamka na njaa.

Mpaka hapa msomee mama. Karatasi ya pili usimsomee.

Dada, wamenitoa Comets. Jumanne baada ya mazoezi meneja aliniita ofisini, nayo ofisi yenyewe ni kontena nyuma ya uwanja wetu wa Sydenham. Kocha Sbonelo alikuwa ameshakaa, anakunja na kukunjua kofia yake. Nikajua. Mtu aliyekufundisha miaka minane asipokutazama usoni, huhitaji tena kuambiwa.

Kazi yangu ya siku hizi unaijua. Mimi si kipa wa kuanza. Mimi ni yule anayeinuliwa benchi mechi ikiwa inaelekea mwisho, tunaongoza bao moja na wenzetu wametubana, au ni mechi ya kombe na penalti zinanukia. Magoti yangu hayawezi tena dakika tisini, lakini zile za mwisho bado nazijua. Wakongo wanaokaa nyuma ya goli huanza kupiga makofi nikivua koti tu. Wananiita Kadena, ndiyo kufuli kwa Kifaransa chao. "Kadena anaingia, funga duka!" Mama analipenda jina hilo. Nadhani hata padri ameshalisikia.

Meneja aliongea kwa upole. Alisema timu ya Vryheid wanatafuta kipa mzoefu wa kutuliza mabeki wao. Wao wana kijana wa miaka kumi na tisa, Hardy, Mkongo aliyezaliwa hapahapa Durban, na timu kubwa zimeshaanza kumuulizia. Basi wamekubaliana kubadilishana: mimi niende, yeye aje. Alilitamka hilo kama watu wanaobadilishana viti kanisani. Nikamgeukia kocha, nikamuuliza kama naye amekubali.

"Eish, Dominiki," akasema. "Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningeniambia mapema," nikamjibu.

Nilipoingia chumba cha kubadilishia nguo nilimkuta Hardy mwenyewe amesimama katikati, begi begani, hajui aliweke wapi. Mrefu, mikono kama makasia, uso wa mtoto. Akaniambia, "Vieux, mi sikuomba hii mambo." Ndivyo Wakongo wanavyomwita mtu mzima. Nikamwambia najua. Nikatoa vitu vyangu kwenye ndoano ili atundike vyake.

Vryheid ni mbali kaskazini, kwenye migodi ya makaa ya mawe, saa nyingi kwa taksi, ndizo daladala za huku. Larissa bado hajasema kitu. Anasuka tu vichwa vya watu na kunitazama.

Mama aliniruhusu kuondoka nyumbani kwa sababu ya hili goli. Sitaki ajue kwamba limenikataa. Tafadhali, dada.

Ndugu yako,
Dominiki


Tukuyu, 21 Februari 2025

Mdogo wangu Dominiki,

Nasi tumeamka, ingawa mvua ya huku mwaka huu haijui Jumapili wala siku ya soko. Kikohozi cha mtoto kimekwisha. Blandina wangu ameingia kidato cha tatu na sasa anaona aibu kubeba kuni akipita mbele ya wenzake. Ndizi nzuri. Miparachichi imezaa mpaka matawi yanaomba msaada. Na siku hizi unaandika "joto iko". Mwalimu Coletha angekuona angekuweka upige magoti.

Karatasi ya pili niliisoma jikoni, uji ukaungua. Nina hasira na watu nisiowajua. Miaka minane mtu anawafungia mlango, halafu wanambadilisha kama chupa ya soda. Lakini sitaki kukuongezea uchungu, nitakuuliza tu: lazima uende huko? Ukiwaambia basi, imetosha, ukarudi nyumbani, ni nani atakucheka? Una umri wa miaka thelathini na saba. Hapa nyumbani kuna chumba chako, na Larissa akija nitampisha jiko langu, jambo ambalo sijamfanyia mwanamke yeyote.

Mama yupo. Anakula. Jua likitoka anapenda kukaa nje kwenye kile kiti cha marehemu baba. Karatasi ya kwanza nilimsomea, akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

Jumapili usihangaike kupiga simu. Siku hizi mama hapendi simu, inamchosha masikio. Andika tu, na umpe Mwita. Alipoleta barua yako alisimamisha lori lake barabarani, akakaa na mama tangu asubuhi hadi alasiri. Ni mtu mwenye subira, huyu Mkurya. Sikutegemea.

Msalimie Larissa. Mwambie asikutazame tu, aseme.

Dada yako,
Atupele


Vryheid, 30 Machi 2025

Dada Atupele,

Ugonile. Huku asubuhi baridi imeanza kuuma, inanikumbusha Tukuyu, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayeniuliza nimelalaje. Nimepewa chumba nyuma ya nyumba ya katibu wa timu. Mama mwenye nyumba ni Mzulu, mwema, ananiletea uji wa mahindi na kunisahihisha Kizulu changu. Sina wa kuongea naye Kiswahili, kwa hiyo najisemesha mwenyewe nikifua. Hongera kwa Blandina. Mwambie kuni hazimpunguzii mtu elimu. Mwambie mama tumecheza Durban na tumeshinda bao moja kwa bila.

Hii ya pili ni yako.

Ni kweli tumeshinda. Jumamosi iliyopita ratiba ilitupeleka Sydenham, kucheza na Comets. Nilifika uwanja ule nikaelekezwa chumba cha wageni. Miaka minane sijawahi kuingia humo, sikujua hata kwamba bomba lake halitoi maji.

Kipindi cha pili tulikuwa mbele kwa bao moja, na Comets wakaja juu kama maji ya mafuriko. Ikibaki kidogo kocha wetu akaniambia nijiandae. Nikasimama, nikavua koti. Mara nikasikia nyuma ya goli, Wakongo wote, ngoma na filimbi: "Kadena! Kadena!" Dada, moyo ulinipanda. Nikasema kimoyomoyo, hawajanisahau. Nikainua mkono nikawapungia.

Hakuna aliyekuwa ananitazama. Hardy alikuwa ametoka tu kudaka mpira wa hatari kule golini kwao. Walikuwa wanamwita yeye.

Yupo Pascal, mwenye duka la simu karibu na kwetu, ambaye ndiye aliyenibandika jina lile mwanzoni kabisa. Yeye peke yake aliniona nimeinua mkono. Akainamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Nami nikaugeuza mkono nikajikuna kisogo.

Nikaingia. Dakika za nyongeza Comets wakapata penalti. Mpigaji namfahamu tangu alipokuwa mdogo, najua anavyoinama kabla ya kupiga upande wa kushoto. Akainama. Nikaudaka. Na uwanja mzima ukanyamaza. Nimedaka penalti nyingi maishani, sijawahi kudaka moja katika ukimya. Wenzangu walinirukia wakinipiga mgongoni, nami nikawa nasikiliza ule ukimya.

Tulipomaliza Hardy alinifuata. Akanikumbatia, akasema, "Vieux, niliwaambia hiyo jina ni yako. Walikataa kusikia." Alikuwa karibu kulia. Nikamwambia alitunze, aliye golini ndiye mwenye kufuli. Halafu nikapanda basi la timu, nikarudi Vryheid jioni ileile.

Mama hajaniagiza kitu? Hata soksi?

Dominiki


Tukuyu, 24 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Hii itakuwa fupi, Mwita yuko njiani na mzigo wake hauwezi kungoja. Pasaka ilipita vizuri, padri alihubiri mpaka watoto wakalala. Mvua imepungua. Mama hajambo, jana alikula ndizi mbili na kuimba kidogo.

Kuhusu jina lile. Usiwachukie. Jina ni mali ya wanaoliita, wao wanampa yule wanayemwona mbele yao. Labda hawakukusudia kukunyang'anya.

Barua yako imekwisha bila salamu za Larissa. Na ulikuwa Durban, ukarudi jioni ileile. Nimeisoma mara kadhaa nikidhani nimeruka mstari.

Atupele


Vryheid, 1 Juni 2025

Dada Atupele,

Umeamkaje? Mimi nimeamka. Ligi imekwisha. Timu imenishukuru kwa hotuba na kunipa jezi yenye jina langu mgongoni, limekosewa herufi moja, na hawatanihitaji msimu ujao. Sikushangaa, hata sikuumia sana. Nadhani pa kuumia palikwishajaa.

Hukuruka mstari. Larissa hakuja Vryheid. Usiku wa kuamkia safari hakufunga hata mkoba mmoja. Nilimwambia ni kwa miezi michache tu. Akasema, "Mi siko begi ya timu, Dominiki. Wakikutupa huku unanibeba, wakikutupa kule unanibeba tena. Mi niko na watu hapa, niko na kazi hapa." Nikamwambia mwakani tutatulia. Akaniuliza mwakani ya ngapi hiyo. Mwezi wa tatu alitoka kwenye chumba chetu, akahamia kwa dada yake Laetitia. Siku ya mechi nilikuwa na ufunguo mfukoni na sikuwa na mlango wa kuufungua, ndiyo maana nikarudi na basi. Hatukugombana. Tungegombana ningejua pa kuanzia kuomba radhi.

Nimekwambia langu. Sasa na wewe niambie lako.

Mama ana nini? Tangu mwaka huu uanze hajaniagiza neno. Mama yangu mimi, ambaye kila barua ilikuja na maagizo yake: nisiogee maji baridi, nisikope, nisikae karibu na dirisha kwenye ghorofa, nimuulize Larissa kama anasali. Wewe unaniandikia anakula, anakaa, anasikiliza. Hivyo ndivyo tunavyomwandika mgonjwa. Nilimuuliza Mwita bandarini Durban, nilipokwenda kuchukua barua yako. Akachuchumaa kukagua tairi ambalo halikuwa na kasoro yoyote, akaniambia, "Nenda ukamwone mama." Nikamwomba aongeze neno. Akasema amekula kiapo kwako.

Mwezi wa saba nakuja naye. Niandikie kabla sijafika, dada, vyovyote ilivyo.

Dominiki


Tukuyu, 24 Juni 2025

Dominiki, mdogo wangu,

Watoto wazima, nami mzima. Nimekaa sebuleni, mama amelala. Nimemaliza salamu, sasa sina pa kujificha.

Mama anasahau. Ilianza mwaka jana, akawa anaweka chumvi mara mbili, anatafuta kanga aliyojifunga. Tukacheka. Baada ya Krismasi hapakuwa na cha kuchekesha tena. Hospitali walisema ni ugonjwa wa akili kuchakaa kwa uzee na kwamba hauna dawa ya kurudisha kilichokwenda. Mwili wake mzima. Maumivu hana. Mimi ananijua siku nyingi, siku nyingine ananiita kwa jina la mama yake.

Hilo ningekuandikia. Si hilo lililonifunga mkono.

Mwezi wa pili Mwita alipoleta ile barua yako ya kwanza, mama alikuwa nje. Alimwona mwanamume mrefu anashuka kwenye lori, ana mkoba wa kutoka Durban. Akasimama, akamfuata hadi barabarani, akamkumbatia, akasema, "Dominiki, umekuja." Mwita alimwambia kwa adabu kwamba yeye ni dereva. Mama akaangua kilio, ndugu yangu, kilio ambacho hakulia hata siku ya kumzika baba. Akauliza kwa nini mwanawe anamkana. Mwita akanitazama mimi. Akapiga magoti pale pale kwenye tope, akamshika mkono, akasema, "Nimekuja, mama."

Tangu siku hiyo ni hivyo. Kila akipita anakaa naye. Hajui Kinyakyusa zaidi ya kushukuru kwa "ndaga", lakini mama akisikia hilo moja linamtosha. Anamlisha, anamkata kucha. Anaporudi barabarani mama anakaa siku mbili tatu akiwa na furaha, anawaambia majirani mwanawe alikuwa hapa.

Nami nikanyamaza, kwa sababu ilimpa amani. Nilikuwa nimeshaamua kukuandikia ukweli mwezi wa nne. Nilishika kalamu. Ndipo nikaisoma tena barua yako ya uwanjani, ulivyoinua mkono. Nikajiuliza, huyu mtu wamempa mwingine jina lake la mpira, nami nimwambie nini kuhusu hili lingine? Nikaandika zile sentensi chache, nikazifunga.

Barua zako bado namsomea. Ile ya Machi alipoisikia aliniuliza, "Anayeandika ni nani?" Nikasema ni mtu mmoja wa Durban. Akasema, "Anaandika vizuri. Mama yake ana bahati."

Njoo. Lakini njoo ukijua.

Mwita usimkasirikie. Kiapo nilimlazimisha mimi.

Atupele


Tukuyu, 10 Agosti 2025

Dominiki,

Nimengoja hadi hasira ipungue, haijapungua vya kutosha, ila Mwita anaondoka leo.

Watoto wanakuulizia. Paa ulilotengeneza halivuji tena. Blandina anavaa ile jezi yako ya Vryheid kulalia.

Nililiona lile la siku ya kwanza, usidhani sikuliona. Niliona ulivyoshuka upande wa pili wa lori, umevaa shati jipya, ukasimama mlangoni, na mama akakupita kama anavyopita nguzo, akaenda kumkumbatia Mwita. Niliona pia Mwita alivyokutazama juu ya bega la mama, kama mtu anayeomba msamaha kwa kitu ambacho hakukiiba. Ukachukua mikoba, ukaingiza ndani. Nilijivunia sana kuwa dada yako.

Wiki nzima ulikuwa mgeni. Alikukaribisha kiti kizuri, akaniagiza nikuchinjie kuku, akakusimulia habari za mwanawe anayedaka mipira huko kwa watu. Nawe ukawa unamuuliza, "Na alikuwa mtoto mtundu?" Naye anakueleza. Nilikuwa natoka nje kulia halafu narudi.

Kwa hiyo nilidhani tumeyapita yote. Asubuhi ile ya safari, Mwita aliporudi kutoka Dar kukuchukua, nilikwenda sokoni mbio kukununulia chai ya huku na karanga za njiani, kwa sababu tulikubaliana mtaondoka mchana. Nimerudi, lori halipo. Hakuna kuaga, hakuna karatasi. Mama amekaa kwenye kiti chake anachambua maharage. Nikamuuliza, akasema mgeni amekwenda kwao.

Kama una kinyongo na mimi kwa kukuficha, ungeniambia usoni. Nilikuwa tayari kwa maneno yako yote. Kuondoka kimya sikuwa tayari nako. Mwita nimemuuliza, na unamjua Mwita.

Dada yako bado,
Atupele


Durban, 14 Septemba 2025

Dada yangu Atupele,

Ugonile, na unisamehe kwa kuchelewa. Nimerudi Durban. Nimepata kazi ya ghala, kupanga mizigo, na nimepanga chumba kidogo Berea kwa mama mmoja wa Kirundi anayeitwa Kaneza, anayesali kwa sauti kubwa kuliko redio. Magoti yananilaumu nikipanda kilima cha hapa. Larissa nilimwona mara moja, nilikwenda saluni kumrudishia ufunguo. Alinikalisha kitini akaninyoa, hatukuongea mengi, akanipangusa shingo na taulo, akasema nijitunze. Nadhani huko ndiko kuagana kwetu. Hardy alikuja kuniomba nimfundishe Jumamosi. Bado sijamjibu. Timu ya Johannesburg imeshamchukua, anaondoka Desemba, na nilipomwuliza Comets watampata nani akasema wanaye mwingine wa miaka kumi na saba.

Sina kinyongo nawe. Ukiweza kuamini jambo moja katika barua hii, amini hilo. Usiku wa kwanza nilikuwa nacho, nilikaa nacho kitandani kwenye kile chumba changu cha zamani, na kulipokucha kikawa hakipo. Ulichomfanyia mama ningekifanya mimi, kama ningekuwa na moyo kama wako. Mwita naye tulizungumza njiani. Nilimwambia aendelee kumwitikia mama. Tulipovuka mpaka wa Malawi akasema mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa safarini, na hakumzika.

Sasa nikwambie kwa nini hukunikuta.

Ulipokwenda sokoni nilikaa na mama pale nje, nikamsaidia kuchambua maharage. Mwita alikuwa barabarani anafunga turubai. Mama alikuwa mchangamfu, ananisahihisha, ananiambia natupa mazima na kubakiza yaliyotobolewa. Halafu akaacha kuchambua. Akanitazama muda mrefu. Dada, nilidhani amenijua. Niliweka sinia chini.

Akaniuliza, "Wewe baba, una mama?"

Nikasema, "Ninaye."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Umemwona lini?"

Nikainamia sinia. Akaona nimeinama, akanishika mkono, ule mkono wake mkavu, akanipapasa vidole vilivyovunjika kwa mpira, kimoja kimoja, kama anavitambua, kumbe anavihurumia tu. Akasema, "Maskini, umefanya kazi. Sasa nenda kwa mama yako. Usikae sana kwenye nyumba za watu, mwenzio anakungoja hata halali. Nenda sasa hivi, usingoje jua lipande."

Nikamwambia nitakwenda mchana. Akakataa. Akasimama yeye mwenyewe, akaingia ndani, akatoka na mkoba wangu ameubeba kwa mikono miwili, akaniwekea miguuni. Akanisindikiza hadi kwenye lori, akitembea mbele yangu. Akamwambia Mwita, "Dominiki, mfikishe huyu kwa mama yake."

Nisingeweza kumbishia, dada. Kwa miaka yote alinituma nami nikachelewa. Nikapanda.

Nilitazama nyuma mpaka tulipopinda. Alikuwa amesimama pale pale barabarani anapunga mkono, na nilijua anampungia nani, lakini nilimpungia pia.

Dominiki wako